Siku ya Ngapi Tangu Dripu?

Wasomaji wanauliza: kumuuguza mume au mke anayetibiwa saratani. Wanaojibu ni muuguzi wa wodi ya saratani na mfamasia.

Barua za safari hii zimetoka kwa waume na wake. Karibu zote zinauliza jambo moja: daktari amemaliza kazi yake, tumeruhusiwa kurudi nyumbani, sasa mimi nifanye nini? Majibu yetu hayalingani kwa urefu, maana yapo mambo yanayoweza kuua kwa saa chache na yapo yanayoweza kungoja hadi kliniki ijayo.

Homa na hospitali iko mbali

"Ndugu Mhariri, mke wangu ana saratani ya titi. Juzi alipata dripu ya kwanza ya dawa za saratani kati ya nne, ile dawa nyekundu, Dar es Salaam, kisha tukarudi nyumbani. Nesi alisisitiza tuangalie homa. Nimenunua kipima joto, lakini sijui nikiona namba gani nifanye nini, na hospitali anakotibiwa ni mwendo wa saa nne kwa basi." (Mume, Morogoro)

Ndugu yetu, anza kwa kuhesabu siku. Chukua kalenda ya ukutani, iandike siku ya dripu kuwa siku ya 1, kisha endelea mpaka 21, kwa sababu dawa hiyo kwa kawaida hurudiwa kila baada ya siku 21. Ukijua leo ni siku ya ngapi, unajua cha kutegemea.

Siku ya 1 na ya 2 mkojo huwa mwekundu au rangi ya machungwa. Ni rangi ya dawa, si damu, na mwambie mapema asije akashtuka chooni peke yake. Siku ya 2 hadi ya 5 ni za kichefuchefu na uchovu. Vidonge vya kuzuia kutapika avimeze kwa saa zilizoandikwa hata kama tumbo limetulia, maana kutapika kukishaanza, kidonge hakikai. Kama mojawapo ni deksamethasoni, ameze asubuhi baada ya kula. Ikimezwa jioni hufukuza usingizi. Kati ya wiki ya pili na ya tatu nywele huanza kutoka kwa mafungu, kwenye mto na bafuni. Wengine hupendelea kunyoa mapema. Muulize, usimwamulie.

Siku zinazotutia hofu sisi ni ya 7 hadi ya 14. Dawa huua seli zinazogawanyika upesi, na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu, uko humo. Chembe nyeupe za damu hushuka, na bakteria wa kawaida wa mdomoni na utumboni wanaweza kuingia kwenye damu pasipo wa kuwazuia. Hapo homa inaweza kuwa dalili pekee. Usitegemee kuona usaha au kidonda kilichoiva, kwa kuwa usaha wenyewe hutokana na hizo chembe nyeupe ambazo sasa hana.

Mpime asubuhi na jioni, na wakati wowote akisema anasikia baridi. Kipima joto cha zebaki kitikise mpaka kishuke chini ya 35, kiweke kwapani pakavu, mkono ubane, dakika 5. Kipimo cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, takriban nusu digrii. Ukisoma 37.5 kwapani, rudia baada ya nusu saa na wakati huo anza kufunga begi. Ukisoma 38 au zaidi, ondokeni. Akitetemeka kwa baridi au akianza kuchanganyikiwa, ondokeni hata kama kipima joto kinasoma 36.5. Usimpe paracetamol kabla ya kupima, maana itashusha namba huku ugonjwa ukiendelea. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini aziache kabisa mpaka daktari aseme vinginevyo; huficha homa na huongeza hatari ya kutoka damu wakati chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ziko chini.

Usifunge safari ya saa nne. Nenda hospitali iliyo karibu yenye daktari wa usiku na dawa za sindano, nayo uitembelee mapema kabla ya homa yoyote, siku ya 3 au ya 4, mchana, peke yako, ukiwa na barua ya kliniki. Uliza zamu ya usiku hupokelewa mlango gani. Andika namba ya simu ya wodi anakotibiwa kwenye jalada la daftari lake, ili daktari wa karibu azungumze na wa mbali.

Sasa sikiliza kwa makini kuhusu malaria, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea. Ukifika na homa, jambo la kwanza atakalofanyiwa ni kipimo cha haraka cha malaria. Apimwe, ni sawa. Lakini hata kipimo kikionyesha malaria, homa ya siku ya 9 ya mgonjwa wa dawa hizi inahitaji pia picha kamili ya damu na antibaiotiki ya kwenye mshipa, na dozi ya kwanza inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike. Kurudishwa nyumbani na pakiti ya dawa mseto peke yake hakutoshi. Mapokezi sema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Mke wangu yuko kwenye dawa za saratani. Leo ni siku ya 9. Homa ni 38.4. Tumeambiwa aanze antibaiotiki ya mshipa ndani ya saa moja." Ziandike sentensi hizo mbele kwenye daftari. Usiku wa manane ulimi huwa mzito.

Chakula kiwe cha moto, kilichoiva. Matunda ale ya kumenya, mmenye nyumbani. Kachumbari ya mgahawani na maziwa yasiyochemshwa yasubiri. Kwa kinywa, chemsha lita 1 ya maji, yakipoa tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikabonati ya soda, ile ya kuumulia keki (si hamira, wala si magadi ya kulainishia maharage). Asukutue mara 4 hadi 6 kwa siku na kutema. Kila siku tengeneza mapya. Mswaki uwe laini.

Kabla ya dripu ya pili atapimwa damu. Neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zikiwa chini ya 1.5, vituo vingi huahirisha kwa wiki moja. Hilo si kosa lake wala la mapishi yako. Juisi ya kiazisukari na ya rozela ni vinywaji vizuri, ila hazipandishi chembe nyeupe. Muda ndio huzipandisha.

Mpira wa tumboni umeziba mara mbili

"Shikamooni. Mume wangu ana saratani ya umio, hawezi kumeza hata maji. Amewekewa mpira wa kulishia tumboni. Nampa uji lakini mpira umeziba mara mbili na anazidi kukonda. Nafanya kosa gani?" (Mama wa watoto watatu, Rombo)

Marahaba, mama. Kosa mara nyingi liko mahali pawili: uji una chenga, na mpira hausafishwi kwa maji.

Tunakupa kipimo cha lita 1. Changanya nusu lita ya maziwa na nusu lita ya maji. Koroga humo vijiko 5 vya kulia vya unga laini wa mahindi au ulezi uliochekechwa, chemsha dakika 15 hadi 20. Piga mayai 2 kwenye bakuli, yamimine polepole huku unakoroga, endelea kuchemsha dakika 5 zaidi mpaka yaive kabisa. Ongeza vijiko 2 vya siagi ya karanga iliyosagwa laini, vijiko 2 vya mafuta ya alizeti na vijiko 2 vya sukari. Lita hiyo ina zaidi ya kalori 1,000. Uji mtupu wa unga na maji hauifikii hata robo, na ndiyo sababu anakonda huku tumbo limejaa. Kama ana kisukari, usitie sukari kabla ya kuuliza kliniki.

Utauona ni mzito. Usiukimbilie maji, utaupunguza nguvu. Uache upoe mpaka uwe vuguvugu, nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea, koroga, ngoja dakika kama 10. Utaona kwa macho yako uji uliokuwa unasimama kwenye mwiko unaanza kutiririka. Kimea huvunja wanga bila kupunguza kalori. Urudishe jikoni uchemke tena, kisha chuja mara mbili kwa chujio la chai au kitambaa safi kilichochemshwa. Mabaki yasikae zaidi ya saa 4 mezani. Kwenye jokofu mwisho saa 24.

Kulisha: nawa mikono kwa sabuni. Akae, au ainuliwe kwa mito mgongo uwe nusu wima, na abaki hivyo saa nzima baada ya kula. Akilala chali chakula hupanda na kuingia mapafuni. Sukuma kwanza mililita 30 za maji yaliyochemshwa na kupoa. Ondoa kijiti cha kusukumia kwenye bomba la mililita 50, bomba tupu lichomeke kwenye mpira, mimina uji, uache ushuke wenyewe. Mililita 200 hadi 250 zichukue dakika 15 hadi 20. Ukisukuma kwa nguvu atapata kichefuchefu au kuharisha. Maliza kwa mililita 30 nyingine za maji. Mara 6 kwa siku, kila baada ya saa 3, usiku apumzike. Lakini kama alikaa siku nyingi bila kula, asianze na kiasi hiki chote. Mtaalamu wa lishe atakupangia hatua za wiki ya kwanza, kwa sababu mwili ulioshinda njaa ukijazwa ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kuyumba.

Dawa: uliza mfamasia kila kidonge kabla ya kukisaga, maana vile vinavyotoa dawa polepole vikisagwa hutoa dozi nzima kwa mara moja. Vinavyosagika visage kimoja kimoja, uvichanganye na maji, kamwe si na uji, na katikati pitisha maji.

Mpira ukiziba, vuta kilichomo, tia mililita 20 za maji ya vuguvugu, sukuma na kuvuta taratibu, funga, ngoja dakika 15, rudia. Usitumie soda, usichomeke waya. Ukichomoka wote, funika tundu kwa gozi safi (kitambaa cha kufungia vidonda) na uende hospitali saa hiyohiyo na mpira wenyewe mkononi, kwani tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Usiurudishe wewe, hasa kama haujatimiza wiki 4; unaweza kuingia nje ya tumbo la chakula.

Na mswaki, mama. Asiyekula kwa mdomo bado anahitaji kusafishwa kinywa mara 2 kwa siku.

Saratani hii ipo kwa wingi katika ukanda wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, na wake wengi wanashika bomba kama lako. Ukienda kliniki, omba muuguzi akutazame ukilisha mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ataona alichokosa kukwambia.

Mionzi, mfungo na kitanda

"Assalamu alaykum. Mke wangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Amepangiwa mionzi siku 25 pale Ocean Road pamoja na dripu kila wiki. Tunafikia kwa ndugu Mbagala. Nina maswali matatu ambayo naona haya kuuliza mbele ya watu: anaweza kufunga Ramadhani, mionzi itanidhuru nikilala naye, na tutarudi lini kuwa mume na mke?" (Mume, Tanga)

Wa alaykumu salaam. Umeuliza vizuri, wala hakuna cha kuonea haya.

Siku 25 ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki 5, na baadaye huja mionzi ya ndani. Yote ikamilike ndani ya wiki 8, kwani seli za saratani hutumia siku za kuruka kujijenga upya. Basi kazi yako kubwa ni asikose siku: nauli ya wiki nzima itengwe Jumapili, mtoke mapema kukwepa foleni. Kama kituo kimemwagiza aingie kibofu kikiwa kimejaa, anywe maji kiasi na kwa muda walioelekeza, siku zote sawasawa. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo nje ya njia ya mionzi. Alama za wino kwenye ngozi zisisuguliwe. Ngozi ya hapo aoge kwa maji ya kawaida, bila manukato wala liwa, akaushe kwa kugusagusa. Chupi iwe ya pamba, khanga badala ya suruali ya kubana.

Kuanzia wiki ya 2 au ya 3 wengi huharisha. Punguzeni maharage, kabichi, pilipili na maziwa. Wali, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha na mchuzi mwepesi wa samaki hukaa vizuri zaidi. Kila akienda haja ya maji, anywe glasi moja ya ORS, pakiti nzima kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Akienda zaidi ya mara 6 kwa siku, au kukiwa na damu au homa, mwambieni daktari siku hiyohiyo, msinunue dawa ya kufunga choo dukani.

Kufunga: asifunge. Dripu ya kila wiki kwa kawaida ni sisplatini, na dawa hiyo huumiza figo zikikosa maji. Anahitaji lita 2 hadi 3 kwa siku, zaidi siku ya dripu na mbili zinazofuata, na jua la Dar mnalijua. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine. Akiona uzito moyoni, mpelekee swali lake imamu mnayemwamini, ukimweleza habari ya figo kama tulivyoeleza. Jambo moja utakaloweza kumfanyia: usimwache ale peke yake mchana jikoni kama mwizi. Mwandalie sinia, na watoto waelezwe.

Kulala naye: mionzi ya mashine haibaki mwilini. Akitoka chumba cha mionzi hana kinachoweza kukudhuru wewe wala mtoto wa kumpakata. Baada ya dripu ni tofauti kidogo: dawa hutoka kwenye mkojo, matapishi na majimaji ya mwili, kwa hiyo siku 3 za kwanza mkigusana kimwili tumieni kondomu.

Tendo lenyewe husubiri mpaka ngozi ya ndani ipone na daktari ampime, mara nyingi wiki 6 au zaidi baada ya mionzi ya mwisho. Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Baada ya mionzi kuta za uke hukauka, hubana na zinaweza kushikana. Huzuiwa kwa vifaa laini vya kutanulia uke, vya ukubwa tofauti. Daktari akishamruhusu, kwa kawaida wiki chache baada ya matibabu, anaanza na kidogo kabisa, na jeli ya maji, dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa wiki, kwa miezi mingi. Si kwa ajili ya ndoa tu. Uke ukifunga, daktari hawezi kuona vizuri kama ugonjwa umerudi. Muulize muuguzi wa mionzi kabla hamjaondoka. Wewe jukumu lako ni kumpa faragha na kufunga mlango. Matone machache ya damu baadaye yanatarajiwa. Damu inayolowesha pedi au inayoendelea si kawaida.

Mkirudi kuwa pamoja, nendeni polepole, na jeli ya maji kila mara. Mafuta ya nazi huharibu kondomu. Hedhi yake itakuwa imekoma na mimba haitashika. Hayo nayo ni msiba wa aina yake, na akilia si kwamba hakutaki.

Kama mmoja wenu anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zisikatishwe hata siku moja, na waelezeni waganga wa mionzi. Vidonge vyenye dolutegravir vimezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya dawa za kiungulia zenye madini.

Amenyamaza

"Mzee wangu ana saratani ya tezi dume. Hudungwa sindano ya tumboni kila wiki 12. Anatokwa jasho usiku mpaka shuka linaloa, amenenepa kiuno, na kitandani amenigeuzia mgongo. Hasemi kitu." (Mke, Nakuru)

Mama, sindano hiyo huzima homoni ya kiume ili saratani isipate chakula. Kwa kuizima, huondoa hamu, hulegeza misuli, huleta jasho la ghafla na mara nyingi huleta huzuni ya kweli. Yeye anajua kilichopotea, na pengine anadhani ukimshika utataka asichoweza kukupa. Mwambie wewe, waziwazi, siku nyingine isiyo ya kitandani, kwamba unajua ni dawa na kwamba unataka mkono wake tu. Wazee huzungumza vizuri zaidi wakitembea. Na kutembea kwenyewe nusu saa kwa siku, pamoja na kunyanyua jembe au ndoo kwa kiasi, hulinda mifupa inayodhoofishwa na sindano. Usiku vua blanketi zito, weka shuka mbili nyepesi na fulana ya akiba karibu, na apunguze chai kali na pilipili jioni. Huzuni ikizidi wiki mbili, hali chakula wala haamki, daktari aambiwe; ina tiba.

Kitu kimoja usikiache kipite. Saratani hii hupenda mifupa ya mgongo. Akipata maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala, miguu ikalegea au kufa ganzi, au mkojo ukakataa kutoka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo ukibanwa, anayefika akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Anayefika baada ya miguu kulala kabisa, nafasi hiyo ni ndogo sana.

Mofini inanitia hofu

"Mume wangu amepewa mofini ya maji. Dada zake wanasema ni dawa ya kuagana. Mimi humpa akilia tu." (Mke, Mbeya)

Dada, ndiyo maana analia. Mofini ya maji hufanya kazi takriban saa 4. Ukingoja maumivu yarudi ndipo umpe, kila mara mnaanza kupanda mlima kutoka chini. Mpe kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi ya mara mbili, kama daktari ameiandika hivyo, ili nyote mlale. Maumivu yakichomoza katikati, mnaruhusiwa dozi ya ziada iliyoandikwa, nawe uandike saa. Zikizidi 2 au 3 kwa siku, peleka daftari kliniki. Dozi ya msingi ni ndogo.

Soma lebo: miligramu ngapi katika mililita 5. Chupa mpya inaweza kuwa na nguvu tofauti na ya zamani. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha jikoni. Chupa iwekwe mbali na jua na mikono ya watoto.

Usingizi na kichefuchefu vya siku 2 au 3 za mwanzo hupita. Choo kigumu hakipiti, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huanza siku moja na mofini na huendelea kila siku. Wengi huiacha mofini kwa sababu ya tumbo, si ya dawa yenyewe. Mgonjwa anayetumia kwa maumivu, kwa vipimo hivi, halewi wala hageuki teja. Na wapo wanaoitumia miezi mingi huku wanakwenda shamba. Kinachotakiwa kukushtua ni hiki: haamshiki ukimtikisa, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika. Usimpe dozi nyingine, mpeleke hospitali.

Kwa ufupi

"Watoto watumie choo kimoja na mama yao baada ya dripu?" Ndiyo. Kwa saa 48 za kwanza aketi hata akiwa mwanamume, afunike na kumwaga maji mara mbili. Choo cha shimo kimwagiwe maji na kifunikwe. Matapishi yashikwe kwa glavu. Shuka iliyochafuka ifuliwe peke yake. Sahani na kukumbatiana havina shida.

"Mama mkwe ameleta majani ya mstafeli." Hakuna ushahidi kwamba yameponya saratani ya binadamu. Shida tunayoiogopa ni ini: vipimo vya ini vikipanda, dripu huahirishwa, na hakuna ajuaye kama ni dawa au majani. Msimvunje moyo mzazi. Pelekeni majani yenyewe kliniki, yaonekane, na mpaka daktari aseme, yakae. Mlonge wa kupika kama mboga, kwa kiasi cha mboga, hauna neno.

Wageni ni wengi, nguvu zimekwisha

"Ndugu wa mke wangu wanapiga simu kutwa, wanakuja kumi kwa wakati mmoja, na kila mmoja anauliza niwasaidie nini. Sijui niwajibu nini. Nimeacha kulala." (Mume, Dodoma)

Wajibu kwa kazi. Mteue shemeji mmoja awe msemaji; wewe unampigia yeye mara moja jioni, yeye anawaambia wengine. Siku ya 7 hadi ya 14 wageni wakae nje chini ya mti, wawili wawili, mwenye mafua asije. Mwenye gari apewe siku za kliniki. Anayejua kupika apewe Jumanne na Ijumaa. Wawili walale hapo kwa zamu, ili angalau usiku 2 kwa wiki wewe ulale chumba kingine, simu ikiwa kwao, na namba 37.5 na 38 zikiwa zimeandikwa kwa herufi kubwa mlangoni.

Na wale vijana wanaosema hawana pesa, waambie damu. Mgonjwa wa dripu mara nyingi huongezewa damu, na benki hukauka, hasa shule zikifungwa. Mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema anaweza kutoa, mwanamume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Wapange kwa majina na tarehe, wasitoe wote wiki moja.